Gitaa la Marehemu Baba Lipande Boti?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 41, mzaliwa wa Tanga, naishi Bremen. Rafiki yangu na mumewe wana boti ya tanga ya mita 12, na wamenikaribisha tusafiri pamoja kutoka Martinique hadi Grenada, mwishoni mwa Januari hadi mwishoni mwa Aprili. Napiga gitaa la ridhimu. Alinifundisha baba, aliyekuwa mpigaji wa bendi ya dansi. Amefariki, gitaa lake ninalo, ni la mbao tupu, la miaka ya sitini. Natamani niende nalo nikapige na wenyeji ufukweni. Rafiki yangu anasema kule unapanda tu jukwaani baa yoyote. Mumewe anasema chumvi italila gitaa ndani ya mwezi mmoja. Nimsikilize nani? Tena mimi nina haya, mbele ya watu nisiowajua vidole vinakufa ganzi. Na wakitaka kunilipa, nipokee?"*

Marahaba, dada yangu.

Umeuliza mengi, lakini nikiyachuja naona hofu mbili: kwamba utaliua gitaa la mzee, na kwamba utajiaibisha mbele ya wenyewe. Naanza na gitaa kwa sababu jibu lake ni fupi: liache Bremen. Ila shemeji yako huyo wa botini amepata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na ukizifuata sababu zake utaliharibu hata gitaa la pili utakalonunua.

Chumvi haili mbao. Chumvi hula chuma: nyuzi, vifunguo vya kukazia, freti (vile vyuma vya kukatiza shingoni), waya za ndani kama gitaa ni la umeme. Mbao adui zake ni unyevu wa hewa na joto. Ubao, hata uwe umekauka miaka hamsini, bado hunywa maji kutoka hewani na kuyatoa tena. Ukinywa, hutanuka kwa upana, na kwa urefu karibu hautanuki kabisa. Sasa kifua cha gitaa kimegundishwa pande zote kwenye mbavu zake, hivyo upana ukiongezeka hakina pa kwenda ila kuvimba kwa juu. Kikivimba, lile daraja linaloshika nyuzi huinuka, nyuzi hupanda mbali na shingo, na asubuhi moja utabana kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya F uone kidole kinauma na sauti imepotoka ingawa umetyuni dakika tano zilizopita.

Mafundi hujenga magitaa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Nyumba ya Bremen mwezi Januari, hita zikiwaka, hushuka hata chini ya 35. Ndani ya boti iliyotia nanga Karibi si ajabu kukuta 75. Utakuwa umelitoa gitaa jangwani na kulitia kwenye mvuke kwa siku moja, na Aprili unalirudisha. Mbao ya miaka ya sitini ikifanyiwa hivyo huenda isipasuke. Huenda pia ikapasuka. Mimi nisingecheza kamari hiyo na kitu ambacho hakina mwenzake.

Halafu kuna joto. Nyuzi sita za chuma zikiwa zimekazwa huvuta daraja kwa nguvu ya kama kilo 70, usiku na mchana, na kinachoshindana nazo ni gundi peke yake. Kasha jeusi likiachwa sitahani saa saba mchana, gundi inalainika na daraja linaanza kung'oka taratibu kutoka nyuma. Nimewahi kugundisha upya madaraja manne juu ya meza ya chakula ya boti, kwa klempu nilizoazima kwa seremala wa mashua, na wenyewe wote wanne walianza hadithi yao hivyo hivyo: "Nililiacha dakika kumi tu."

Na chumvi? Unakumbuka kichupa cha chumvi nyumbani Tanga kinavyogandamana wakati wa masika? Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, huanza kuvuta maji hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Uzi wenye rasharasha za bahari na jasho la kidole haukauki kamwe, unabaki na utando wa maji ya chumvi, na kutu inapata chakula chake kila saa. Kufuta kwa kitambaa kikavu unaisambaza tu. Futa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu. Nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki hudumu mara kadhaa zaidi, chukua seti tatu.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji hakulitaja. Magitaa mengi mazuri ya enzi hizo yalitengenezwa mgongo na mbavu kwa mpingo mwekundu wa Brazil, mti uliomo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika za jamaa wengine wa mti huo zimesamehewa, lakini huu wa Brazil haukusamehewa. Ukivuka mpaka nalo bila cheti, afisa wa forodha anaweza kulizuia, na wewe utavuka mipaka minne. Kama gitaa la mzee ni la mbao hiyo au la, picha haiwezi kuniambia. Mpelekee fundi wa magitaa hapo Bremen alishike mkononi, aangalie na daraja, alegeze nyuzi kidogo, akuwekee kipima unyevu ndani ya kasha. Hilo lifanye hata kama husafiri.

Nunua la mtumba, dogo la umbo, la plaiwudi. Wapigaji hulibeza gitaa la plaiwudi kwa sauti yake, na kweli sauti yake ni ya kawaida, lakini matabaka yake yamepishanishwa, hili linavutia huku na lile kule, hivyo halivimbi kirahisi. La kaboni ni bora zaidi, halijali unyevu hata kidogo, ila bei yake utaweza kununua tiketi ya pili ya ndege. Botini liweke katikati na chini, mbali na ukuta wa injini na mbali na ubavu wa boti unaotoka jasho usiku. Ukutani usilitundike. Watu hulitundika kwa ajili ya picha, boti ikilala ubavu kwenye mkondo kati ya visiwa, upepo wa kilomita 37 kwa saa na zaidi, linashuka lenyewe.

Sasa rafiki yako na baa zake. Amesema nusu. Muziki wa Karibi una milango zaidi ya mmoja, na kila mlango una hodi yake.

Mlango ulio wazi kabisa ni wa mabaharia wenyewe, hawa wa boti za tanga. Kusini mwa Grenada, kuanzia Prickly Bay hadi ghuba ya Woburn na Hog Island, boti hukusanyika nyingi, na asubuhi kuna kipindi kwenye VHF, ile redio ya mawasiliano ya botini, ambapo mtu anatangaza gesi ya kupikia, mwingine anauza nanga, mwingine anasema leo jioni kuna kupiga pamoja baa fulani, njoo na ala yako. Humo hakuna mchujo. Yupo daktari mstaafu na banjo, yupo kijana na kahoni, yule sanduku la mbao linalokaliwa na kupigwa, yupo anayejua nyimbo mbili tu. Nyimbo ni za Marekani na Uingereza za zamani, kodi tatu, mara nyingi G, D au A, kwa hiyo beba kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa. Grenada hiyo hiyo nimeshuhudia bendi ikipiga juu ya jahazi bapa lililotiwa nanga ghubani, na wasikilizaji wamefungamanisha vijimtumbwi vyao vya mpira, hiki kwa hiki, mpaka ghuba ikawa kama mkeka. Mabaharia huviita dingi. Usicheke, si yule dingi wako aliyekuachia gitaa.

Mlango wa pili ni wa bendi iliyoajiriwa. Bequia, kisiwa kidogo cha Saint Vincent, mwishoni mwa Januari huwa na tamasha la muziki, na baa za pwani ya Port Elizabeth huwa na wapigaji msimu mzima. Saint Lucia kuna Ijumaa ya Gros Islet, kijiji jirani na marina ya Rodney Bay, mtaa unafungwa, samaki wanachomwa, spika zinatetema. Nenda, ucheze. Lakini mtu aliye jukwaani hapo yuko kazini. Ungekuwa wewe unahudumu wodini, akaja mgeni na sindano yake mgongoni akasema "nami naweza kudunga", ungemwonaje? Kaa karibu, nunua chakula, watunze kama tunavyotunza kwenye taarabu, na wakipumzika umsalimu mpiga besi. Mpiga besi ndiye mwenye nafasi ya kuongea, mwimbaji kila mtu anamvuta. Ukirudi wiki ya pili bila gitaa, kuna uwezekano wakuulize wenyewe kama unapiga.

Mlango wa tatu ndio ulionifanya nikuandikie jibu refu.

Mtaanzia Martinique. Huko kuna bèlè. Mpiga ngoma huilaza chini na kuikalia kama anayepanda punda, na kisigino chake hukandamiza ngozi kubadili sauti, inapanda na kushuka kama mtu anayeongea. Nyuma yake anachutama mwenzake, anagonga ubao wa ngoma hiyo hiyo kwa vijiti viwili, tibwa, mdundo mmoja usiobadilika. Mchezaji anaingia, anasogea mbele ya ngoma, na kuanzia hapo miguu yake na ngoma vinasemezana.

Mwisho wa safari yenu kuna Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi ya Grenada. Wana Big Drum, ngoma ya mataifa: nyimbo za Cromanti, za Igbo, za Manding, za Kongo, kila ukoo wa waliosafirishwa utumwani na wimbo wake. Ngoma mbili za boula zinashika, ya tatu, ya kati yao, inakata na kumjibu mchezaji. Kabla watu hawajaingia, duara hunyunyiziwa ramu na maji, kisha huachwa tupu. Ngoma zinalia na hakuna anayecheza, kwa sababu zamu hiyo ni ya wazee waliotangulia. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani watu wana haya. Bibi mmoja akanivuta shati nikae.

Karamu yenye sala na chakula kwa ajili ya wazee hao, Grenada na Carriacou wanaiita saraka. Wewe na mimi hatuhitaji kamusi. Ni neno la Kiarabu lile lile tulilochukua sisi tukasema sadaka. Lilipita Afrika Magharibi, likavuka bahari ndani ya vifua vya watu waliofungwa minyororo, likafika huko.

Kwa hiyo ukisikia ngoma ya namna hii, gitaa libaki botini. Lisiwe hata mgongoni. Simu nayo usiielekeze kwenye duara mpaka umeuliza mwenye shughuli. Nenda na mikono mitupu, au na kitu cha jikoni. Huna haja ya mimi kukufundisha hili, kwa sababu umekulia palipo na ngoma za harusi na maulidi. Unajua kabisa kwamba duara si jukwaa. Ila nimeona watu wetu wakifika ng'ambo wanajivika utalii na kusahau adabu waliyotoka nayo nyumbani.

Kisiwa hicho hicho ndicho kitakachokuhitaji na gitaa lako. Carriacou ni nyumba ya bendi za nyuzi: fidla, banjo au mandolini, gitaa, besi, marakasi, na chuma kinachogongwa. Mwishoni mwa Aprili kwa kawaida kuna tamasha lao la Maroon (karamu ya shukrani ya kijiji) na bendi za nyuzi, na kalenda yenu inagusa hapo hapo. Ulizia tarehe mapema. Kimbunga Beryl kilipita juu ya kisiwa tarehe 1 Julai 2024 na kikang'oa mapaa karibu kisiwa kizima, kwa hiyo mwambie nahodha asitegemee kwamba kila gati na kila baa ya kwenye ramani ya zamani bado ipo.

Wakikukaribisha kupiga, utafanya nini? Hapa namjua mpigaji wa dansi. Mkono wake hauwezi kuona nafasi tupu bila kuijaza. Nafasi ikitokea tu, anaingia na sebene. Usifanye hivyo. Hesabu nane kwa mafungu matatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Piga ile "moja" ya kila fungu, basi, mengine yote nyamaza. Ni mgongo wa soka (muziki wa Trinidad, si mpira) na wa zouk, na zouk sisi tumeichezea kwenye harusi tangu bendi ya Kassav' ilipovuma, mwili wako unaijua kabla ya kichwa. Kwenye rege, mguu ukikanyaga, kodi inangoja, inalia mguu ukiinuka, fupi, na kiganja kinaizima hapo hapo. Baba yako alikuwa ridhimu, nina hakika alikwambia kwamba ridhimu anayesikika sana ameshakosea. Na palipo na pani ya chuma, yule pipa wa Trinidad, tyuni kwa kumfuata yeye. Noti zake zimefuliwa kwa nyundo, hawezi kukufuata wewe.

Vidole kufa ganzi. Ukiogopa, mwili hufunga mishipa midogo ya mikononi na kupeleka damu kwenye misuli mikubwa, kana kwamba unajiandaa kukimbia. Kidole kinabaki baridi, na kidole baridi hakisikii uzi. Hujapoteza kipaji, umekosa damu. Shika kikombe cha chai, kunja na kukunjua ngumi mara ishirini, kaa karibu na mpiga besi, na wimbo wa kwanza omba marakasi badala ya gitaa. Ukishaingia kwenye mdundo, mikono inapata moto yenyewe. Lakini nikuulize: ganzi hiyo huja hata usiku ukiwa umelala, au baada ya kupiga peke yako nusu saa, hasa gumba na vidole viwili vya jirani? Kama ndiyo, hiyo si haya. Huenda ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Muone daktari kabla ya safari, maana huko utavuta kamba kila siku na kamba hazitakuonea huruma.

Malipo. Utaingia visiwa hivi kama mgeni au kama baharia kwenye orodha ya nahodha, na hadhi zote mbili hazikuruhusu kufanya kazi. Baa ikibandika jina lako ukutani na kukupa hela, hiyo ni kazi, inataka kibali. Tatizo likitokea halitakuwa lako peke yako, nahodha ndiye anayejibu kwa watu aliowaleta. Kikombe cha hela kikipitishwa, fungu lako waachie wenye bendi. Tukiwa kwenye karatasi: Martinique ni Ufaransa lakini haimo kwenye eneo la Schengen, kwa hiyo kama unasafiri kwa pasipoti ya Tanzania usidhani karatasi zako za Ujerumani zinatosha. Uliza ubalozi wa Ufaransa, na uliza sasa, si wiki ya mwisho.

Mambo ya usiku nitayapitia haraka. Kwenye dingi awepo mmoja asiyekunywa, taa iwake, na ile kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa dereva. Gitaa liwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na lisifungwe kwenye mwili wa mtu. Ufukweni usikae chini ya mti wenye vitufaha vidogo vya kijani, wanauita manchineel, mara nyingi umepakwa alama nyekundu. Utomvu wake huunguza ngozi, na mvua ikinyesha matone yanayotoka kwenye majani yanaunguza vilevile.

Na mkiamua kupiga botini, kumbuka upepo. Miezi hiyo huvuma kutoka mashariki bila kuchoka, kama kaskazi yetu, na boti zote zilizotia nanga huelekeza omo, yaani pua, kwake. Nyinyi mnakaa tezi, yaani nyuma. Sauti inatoka tezi, inachukuliwa na upepo, inateleza juu ya maji yasiyo na kitu cha kuizuia, na inaingia moja kwa moja kwenye dirisha la omo la jirani wa nyuma, ambalo ndilo analolalia. Yule wa mbele yenu hasikii kitu. Kwa hiyo wa kuombwa radhi ni wa nyuma, na njia rahisi ni kupita kwake alasiri na kumwalika. Nilimpata hivyo mpiga filimbi mmoja ambaye kwa siku tatu alikuwa akituangalia kwa jicho baya.

Kasha la mzee likishafungwa na fundi, toa mkanda wake. Mkanda ni ngozi na uzi, unyevu hautaupasua kama ubao, na utatosha kwenye gitaa lolote la mtumba.